Magugu Katikati ya Ngano: Somo Kuhusu Ugaidi, Vyanzo Vyake na Wajibu Wetu



Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu. Huku kwetu Upare, kama ilivyo kila mwaka, wanakwaya walikuwa katika mazoezi ya mwisho na mapadre wakijiandaa kwa Misa ya Karamu ya Bwana. Alfajiri ya siku hiyo watu wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, wakawaua Wakristo mabwenini. Watu 148 walipoteza maisha, wengi wao vijana wa umri wa mafrateri wetu. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilitangaza kuwa ndilo lililotenda.

Siku chache baadaye ikaja habari nyingine. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa Mtanzania, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari hapa nchini kabla ya kuvuka mpaka. Magazeti yalimtaja kuwa mwenyeji wa wilaya yetu ya Same. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata alifia gerezani.

Jina lake limo katika kumbukumbu za mahakama, lakini katika somo hili sitalitaja. Ana ndugu, na ndugu hao hawakuua mtu. Ninachotaka tujifunze ni swali ambalo habari ile ilituachia: kijana anayetoka katika milima hii hii, aliyekunywa maji ya mifereji hii hii, anafikaje mahali pale? Na sisi tuliobaki, tunapaswa kujibu namna gani? Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mafrateri wanaosoma Mafundisho Jamii ya Kanisa, na kwa waamini wanaokutana katika jumuiya ndogondogo. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

1. Ugaidi ni nini?

Wazee wetu walilitumia neno "gaidi" kwa mnyang'anyi wa njiani, mtu katili anayevizia wasafiri. Leo neno hilo lina maana nyembamba zaidi. Mataifa hayajakubaliana juu ya tafsiri moja ya kisheria, lakini kwa somo letu inatosha kusema hivi: ugaidi ni kuua, kujeruhi au kutisha watu wasio wapiganaji ili kuitia hofu jamii nzima, au kuilazimisha serikali ifanye jambo fulani.

Tuzingatie tofauti iliyopo. Jambazi anamwua mtu ili achukue mali yake. Akishaipata, haja yake imekwisha. Gaidi anamwua mtu ambaye hata hamjui, ili mwingine aone. Yule aliyekufa sokoni au kanisani siye mlengwa mkuu. Mlengwa ni sisi tunaosikia habari jioni redioni: tuogope, tukasirike, tushukiane, tugawanyike. Kwa hiyo tendo la kigaidi lina sehemu mbili. Ya kwanza inafanywa na gaidi mwenyewe. Ya pili anategemea tuifanye sisi.

Tukilishika jambo hili, mengine yote katika somo hili yatakuwa mepesi kuelewa.

2. Jambo hili si la mbali

Wengi wetu tulianza kulisikia neno ugaidi tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam kwa wakati mmoja. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam 11. Walengwa walikuwa Wamarekani, lakini wengi sana wa waliokufa walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njiani, Wakristo na Waislamu. Miongoni mwa waliohukumiwa baadaye mjini New York walikuwemo vijana kutoka Zanzibar.

Zanzibar yenyewe ilipita katika kipindi kigumu. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi mwaka huo Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi na kujeruhiwa. Jumapili tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Septemba ya mwaka huo Padre Anselm Mwang'amba naye alimwagiwa tindikali. Angalieni kwamba wa kwanza katika orodha hii ni sheikh.

Kisha ikaja Arusha. Jumapili tarehe 5 Mei 2013, katika ibada ya kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, bomu lilirushwa katikati ya waamini. Watu watatu walikufa na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Alikuwepo Balozi wa Papa nchini, Askofu Mkuu Francisco Padilla, na alikuwepo Askofu Mkuu Josaphat Lebulu wa Arusha. Waamini wa Same hawahitaji kuambiwa Askofu Lebulu ni nani. Alikuwa askofu wetu tangu mwaka 1979 hadi 1998. Mikono iliyowapaka wengi wetu krisma ya Kipaimara ilikuwa pale Olasiti siku ile.

Kati ya mwaka 2016 na 2017, Kibiti na maeneo ya jirani mkoani Pwani yalikumbwa na mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa mara moja. Oktoba mwaka huo huo mashambulizi yakaanza Cabo Delgado, Msumbiji, na Oktoba 2020 washambuliaji wakavuka mto Ruvuma na kuua watu katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara.

Sisi wa Same tuko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, na nyuma ya milima yetu kuna mpaka wa Kenya. Tembo wa Mkomazi wanavuka kwenda Tsavo na kurudi bila kuulizwa. Watu nao wanavuka. Hatuwezi kusema mambo haya ni ya nchi za watu.

3. Vyanzo vya ugaidi

Kuna makosa mawili ya kuepuka tunapotafuta chanzo. La kwanza ni kusema, "Ni umaskini tu." La pili ni kusema, "Ni dini ile tu." Yote mawili yanatupa raha ya kuwa na jibu fupi, na yote mawili hayatoshi.

Tuanze na umaskini. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa, Mkenya aliyeuawa siku ile ile, alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Huyo hakukosa chakula wala shule. Kwa upande mwingine, katika vijiji vyetu kuna vijana maelfu wasio na ajira wala shamba la kutosha, waliokwenda kuchimba Mererani wakarudi mikono mitupu, na hawajamgusa mtu. Tukisema umaskini ndio chanzo, tunawatukana maskini.

Sasa tuangalie dini. Kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 1987, Joseph Kony aliongoza kundi lililojiita Jeshi la Upinzani la Bwana, akidai kusimamia Amri Kumi za Mungu. Kundi hilo liliua, likakata watu viungo na kuteka watoto maelfu. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 liliteka wasichana 139 katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, Aboke. Hakuna hata mmoja wetu anayekubali kwamba Kony anaonyesha Ukristo ni nini. Basi kipimo tunachotaka kupimiwa ndicho tuwapimie wengine.

Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, limefanya utafiti mara mbili kwa kuwahoji watu waliowahi kujiunga na makundi haya barani Afrika. Katika ripoti ya mwaka 2023, robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja kutafuta kazi kuwa sababu kubwa, na asilimia 17 walitaja dini. Ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha jambo linalotuhusu sana sisi walimu wa dini: zaidi ya nusu walikiri kwamba wanaelewa kidogo sana maandiko ya dini yao, au hawayaelewi kabisa, na waliosoma dini kwa miaka sita au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga. Anayefundishwa dini vizuri ni vigumu kudanganywa kwa jina la dini.

Basi chanzo ni nini? Nitatumia mfano wa nyumbani. Sote tunaijua ndiva. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yakafuata mfereji hadi shambani. Maji hayo hayaendi popote yenyewe, yanakwenda pale mfereji unapoelekea. Vivyo hivyo malalamiko. Mtu aliyedhulumiwa, aliyedharauliwa, aliyekosa nafasi, amejaa kama ndiva. Kinachofuata kinategemea ni nani amemchimbia mfereji.

Historia yetu Wapare inalithibitisha hili. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru. Watu waliona imekadiriwa kwa uonevu, tena na watu wasiojua hali zao. Hasira ilikuwa kubwa. Mwaka 1945 watu kwa wingi walishuka kutoka milimani wakaja Same makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo wakidai kodi iondolewe. Wanawake wa Usangi nao waliandamana. Mambo hayakuwa shwari siku zote, na zilikuwepo vurugu za hapa na pale. Lakini watu wale walikuwa na ukoo, walikuwa na wazee, walikuwa na msaragambo, na walijua namna ya kukaa pamoja na kusema kwa sauti moja. Hawakuchagua kuua wapita njia ili waogopwe. Na kodi ile ilifutwa. Malalamiko yalikuwa makubwa, mfereji ulikuwa mwema.

Kwa hiyo, tukitaka kueleza jinsi mtu anavyofikia ugaidi, tutafute mambo manne yanayokutana.

La kwanza ni jeraha. Linaweza kuwa la kweli au la kuhadithiwa. Katika ripoti ile ya mwaka 2017, waliojiunga kwa hiari waliulizwa ni tukio gani lililowasukuma hatua ya mwisho. Asilimia 71 walitaja kitendo cha vyombo vya serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki.

La pili ni upweke. Kijana amehama kwao, au yuko kwao lakini hakuna anayemwuliza habari zake. Shuleni ni namba, kanisani au msikitini ni mmoja wa wengi, nyumbani anaulizwa fedha tu.

La tatu ni kundi linalompokea. Linamwita ndugu, linampa simu, nauli, ahadi ya kazi au ya masomo, na hasa linampa maana. Kwa mara ya kwanza mtu anamwambia kwamba anahitajika.

La nne ni fundisho linalogawa watu sehemu mbili, sisi na wao, na kuhalalisha damu ya hao "wao". Fundisho hilo linaweza kuvaa kanzu, linaweza kuvaa msalaba, linaweza kuvaa bendera ya chama au ya kabila.

Jambo moja peke yake halitoshi. Yakikutana, hatari ni kubwa. Hata hivyo, baada ya kueleza yote hayo, bado dhambi inabaki kuwa dhambi. Kaini alikuwa na malalamiko, na Mungu alimsikiliza na kumwonya kabla hajatenda (Mwanzo 4). Kueleza chanzo si kumsafisha mtenda. Mtu mwenye akili na hiari anawajibika kwa damu aliyoimwaga.

4. Jinsi jamii zinavyojibu

Katika Injili ya Mathayo 13:24-30 Bwana wetu anasimulia habari za shamba la ngano ambamo adui alipanda magugu usiku. Watumishi wana haraka, wanataka kwenda kung'oa mara moja. Mwenye shamba anawazuia, kwa sababu anajua kwamba katika haraka hiyo watang'oa na ngano. Mfano huu haumaanishi kwamba polisi wakae wakiangalia. Unatufundisha kwamba anayepambana na uovu bila kupambanua anaweza kumaliza kazi aliyoianza adui.

Tuangalie Kenya. Baada ya mashambulizi mengi, ukiwemo uvamizi wa jengo la Westgate mjini Nairobi Septemba 2013 ambapo watu 67 waliuawa, serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalinda raia. Aprili 2014 ilifanya msako mkubwa katika mtaa wa Eastleigh, wanakoishi Wasomali wengi. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, na wengi walishikiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Walikamatwa mama na watoto, wafanyabiashara, wakimbizi waliolikimbia kundi lile lile la Al-Shabaab. Mwaka mmoja baadaye Garissa ilishambuliwa. Sisemi msako ule ulisababisha Garissa. Nasema haukuizuia, na uliacha majeraha mengi ambayo mchimba mfereji anayahitaji.

Sasa tuangalie jibu la namna nyingine. Novemba 2014, karibu na Mandera, washambuliaji walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015 walisimamisha basi lingine katika eneo hilo hilo, wakaamuru abiria wajitenge kwa dini. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Kuna wanawake waliowapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na watu wakawaambia washambuliaji kwamba kama ni kuua, wawaue wote pamoja. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo, na Januari 2016 alifariki kwa majeraha. Wale abiria hawakuwa na silaha. Walikataa tu kuifanya ile sehemu ya pili ya ugaidi tuliyoisema mwanzoni, yaani kugawanyika.

Uganda nayo ina fundisho. Usiku ule wa Aboke, Sista Rachele Fassera, mtawa kutoka Italia, aliwafuata watekaji porini kwa miguu, akazungumza nao, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi, na yeye na wazazi waliendelea kuwatafuta na kuwasemea kwa miaka. Baadaye viongozi wa Kikatoliki, Kianglikana, Kiorthodoksi na Kiislamu katika nchi ya Waacholi waliunda umoja wao wa kutafuta amani. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu na viongozi wenzake walikwenda kulala mitaani pamoja na watoto waliokuwa wakikimbilia mjini kila jioni kwa kuogopa kutekwa.

Na hapa kwetu? Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002. Nchi inahitaji sheria kama hiyo, na inahitaji polisi na wanajeshi wenye weledi. Tuwaombee wale wanane wa Kibiti na familia zao. Lakini sheria kali inahitaji mkono wa haki. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta Juni 2021. Mwislamu anapouliza kwa nini kesi ile haikufika mwisho kwa miaka yote hiyo, anauliza swali la haki. Sisi tulioumizwa Zanzibar na Olasiti tunalo swali hilo hilo, kwa sababu nasi tunataka mwenye hatia halisi ajulikane kwa ushahidi mbele ya mahakama. Haki ikicheleweshwa kwa mmoja, imecheleweshwa kwa wote wawili.

5. Kanisa linafundisha nini?

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili yako wazi, nami nitayafupisha katika mambo manne.

Kwanza, ugaidi ni kosa zito daima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2297, inaufundisha kuwa ni kinyume kabisa cha haki na upendo, kwa kuwa unatisha, unajeruhi na kuua bila kuchagua. Hakuna lengo, hata likiwa zuri, linaloweza kuuhalalisha. Na kuua kwa jina la Mungu ni kumkufuru Mungu.

Pili, jamii ina haki ya kujilinda, lakini ndani ya mipaka ya maadili na sheria. Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, namba 513 hadi 515, unakazia kwamba hatia lazima ithibitishwe, kwa sababu wajibu wa kosa la jinai ni wa mtu binafsi. Hauwezi kupanuliwa ukaangukia dini, taifa au kabila zima. Frateri, ukisahau yote katika somo hili, usisahau hilo.

Tatu, ulinzi peke yake hautoshi, sababu ziondolewe. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 2002, miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, alifundisha kwamba amani inahitaji haki, na haki inahitaji msamaha. Msamaha hapo hauondoi hukumu ya mahakama. Unaondoa kisasi moyoni, ili hukumu ibaki kuwa hukumu.

Nne, tutembee na waamini wa dini nyingine. Njia hiyo ilifunguliwa na tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Nostra Aetate, mwaka 1965. Tarehe 4 Februari 2019, Abu Dhabi, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad Al-Tayyeb, walitia saini Hati juu ya Udugu wa Kibinadamu, wakiukataa kwa pamoja ugaidi unaotumia jina la Mungu. Mwaka uliofuata Papa aliyarudia mafundisho hayo katika waraka wake Fratelli Tutti.

Tukumbuke pia kwamba mitume wenyewe walijaribiwa. Yakobo na Yohane walitaka moto ushuke uwateketeze Wasamaria waliowanyima mahali pa kulala, na Bwana akawakemea (Luka 9:51-56). Petro alichomoa upanga bustanini, akaambiwa aurudishe. Na kwenye meza ya Bwana waliketi pamoja Mathayo, mtoza ushuru aliyetumikia watawala, na Simoni aliyeitwa Zelote. Bwana hakungoja wapatane ndipo awaite. Aliwaita, wakapatania kwake.

6. Wajibu wetu hapa Upare

Sisi tuna mtaji ambao jamii nyingi zimeupoteza. Katika ukoo mmoja wa Kipare utakuta Mkatoliki, Mlutheri, Msabato na Mwislamu, wote wajukuu wa babu mmoja. Usangi na Ugweno misikiti na makanisa vinasikilizana sauti. Msiba ukitokea, anayechimba kaburi haulizwi dini. Kwenye arusi zetu nyingi mnyama huchinjwa na Mwislamu ili wageni wote wale sahani moja. Tusidhani mtaji huo haupungui. Februari 2013 ugomvi juu ya kuchinja ulimwaga damu huko Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji aliuawa. Waliogombana pale walikuwa majirani.

Basi tufanye nini?

Wazazi: mwulizeni kijana habari zake kabla ya kumwuliza fedha. Akisema amepata kazi Mombasa au nafasi ya masomo nje, ulizeni ni nani aliyempatia, anuani ni ipi, na nani mwingine amekwenda. Akibadilika ghafla, akaacha marafiki wa zamani, akaanza kuwaita ndugu zake makafiri au wapagani, msinyamaze kwa aibu. Mwendeeni mjomba, padre, sheikh au mwalimu anayemheshimu. Kama kuna dalili za hatari, semeni na vyombo vya usalama mapema. Kumzuia mtoto asiue ni kumpenda.

Viongozi wa jumuiya, VIWAWA, WAWATA na TYCS: hesabuni vijana ambao hawaonekani tena. Jumuiya zetu huandika kwa uangalifu nani hajalipa zaka. Tuandike pia nani hajaonekana miezi mitatu, na mtu aende kwao.

Makatekista na walimu wa dini: fundisheni dini kwa kina. Kijana anayejua Maandiko kwa mistari ya kubishania tu ni rahisi kutekwa na mhubiri yeyote mwenye kipaza sauti, na hilo ni kweli hata kwa Wakatoliki. Mihadhara ya kukashifu imani za wengine isipate nafasi katika uwanja wa kanisa.

Mafrateri: mtakuwa mapadre katika parokia zenye majirani Waislamu. Jifunzeni imani yao kutoka kwao wenyewe, wala si kwa wanaowachukia. Mfahamuni imamu wa kijiji kabla ya siku ya matatizo. Siku bomu linapolipuka ni kuchelewa kuanza kutafuta namba yake ya simu. Na mtakapopanda mimbarini baada ya tukio la kutisha, kila neno lenu litapimwa na watu wenye uchungu. Lieni na wanaolia, dai haki lidaini kwa sauti, lakini msiwape waamini adui ambaye mahakama haijamwona.

Na sisi sote: tuitunze familia ya mkosaji. Kule anakotoka kijana yule wa Garissa kuna watu waliofiwa mara mbili, kwanza walipomsikia alichotenda, kisha walipopokea habari ya kifo chake. Nani aliwapa pole? Kama hatukuwapa kwa sababu ya aibu, basi tulimwacha gaidi atuchagulie hata wa kumlilia. Wazazi wa Garissa waliopoteza watoto wao wana haki ya kwanza ya machozi yetu, na tuwaombee daima kila Alhamisi Kuu. Lakini machozi ya Mkristo hayaishi kwa kuwalilia hao tu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba ugaidi una sehemu mbili, ya gaidi na ya kwetu. Ya kwake hatuwezi kuizuia mara zote, hata tukiwa na polisi hodari. Ya kwetu iko mikononi mwetu: tugawanyike au tukatae kugawanyika, tuwashuku wote au tumtafute mwenye hatia, tumsahau kijana au tumfuate kama Sista Rachele alivyowafuata wasichana wake porini. Mwenye shamba atatuuliza habari za ngano aliyotukabidhi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna kijana aliyeondoka na hakuna anayejua alipo? Nani atakwenda kwao wiki hii?
2. Tunapozungumza kuhusu Waislamu wakati wao hawapo, tunasema maneno ambayo tungeweza kuyasema mbele ya shangazi au binamu zetu Waislamu?
3. Wakati wa mbiru wazee wetu walipata njia ya kudai haki bila kuua. Leo kijana wa kijiji chetu akionewa, anaweza kwenda wapi na akasikilizwa?
4. Soma Mathayo 13:24-30. Ni lini sisi wenyewe tumekuwa kama wale watumishi wenye haraka?
5. Kama kijana aliyetenda ukatili angetoka katika parokia yetu, tungewafanyia nini wazazi wake Jumapili inayofuata?